Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: mtoto aghani, mtoto aigize, ndipo mumpe alama

Kwa Waziri wa Elimu, kwa wanaotunga mitaala, kwa wanaotunga na kusimamia mitihani ya kitaifa, na kwa wote wanaoshika funguo za kumbi za umma jijini Nairobi.

KUH: SAUTI NA JUKWAA KATIKA MTIHANI WA FASIHI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nina ombi moja, na nalitaja mapema ili aliye na haraka asihangaike kulitafuta. Wanafunzi walioanza sekondari pevu ya mtaala mpya, yaani gredi ya 10 hadi ya 12, Januari 2026 watafanya mtihani wao wa mwisho mwaka 2028. Naomba mtihani huo, popote fasihi ya Kiswahili itakapopimwa, uwe na sehemu ya kughani shairi na kuigiza onyesho, yenye alama zinazohesabika. Sisemi alama za kupoozea. Nasema alama ambazo mzazi akiona zimekosekana kwenye matokeo, atakuja shuleni kuuliza kulikoni.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa huku Eastlands. Jina la shule naliweka kando kwa sababu sijaomba ruhusa ya kulitumia, na pia kwa sababu haya angeweza kuyaandika mwalimu yeyote wa fasihi kutoka Kayole hadi Kawangware, tena wengine kwa Kiswahili kitamu kuliko changu.

Kwa msomaji asiyeifahamu Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari katika mtaala wa zamani: ina alama 80, saa mbili na nusu, maswali manne. La kwanza ni la lazima, matatu mtahiniwa huyachagua kutoka sehemu zilizosalia bila kurudia sehemu. Kuna ushairi, tamthilia, riwaya, hadithi fupi na fasihi simulizi. Zote tano hujibiwa kwa njia ileile: kalamu, karatasi, kimya. Hata fasihi simulizi, jamani, iliyoishi karne na karne bila kuhitaji wino, hutahiniwa kwa wino. Wenzetu wa Kiingereza nao wana sehemu katika karatasi yao ya kwanza ambapo mtoto huulizwa jinsi ambavyo angekariri shairi fulani. Kulikariri lenyewe hapewi nafasi. Anaandika tu kwamba hapa angepandisha sauti na pale angetua, kisha anapewa alama kwa ahadi hiyo.

Riwaya sina ugomvi nayo. Mtu anaweza kuisoma kitandani usiku, peke yake, midomo imefungwa, na asikose chochote ambacho mwandishi alikusudia apate. Hadithi fupi vilevile. Shairi na tamthilia ni jamii nyingine. Mtunzi wa shairi la arudhi, lile lenye kanuni za vina na mizani, ametega pumzi za msomaji: kipande cha mizani nane, tuo, kipande kingine cha mizani nane. Mtunzi wa tamthilia ameacha nusu ya kazi yake bila kuifanya, makusudi, kwa sababu anajua kuna watu watakaosimama mahali pake wakaimalizia kwa miili yao. Kuzitahini tanzu hizi kwa kalamu pekee ni kupima nusu ya kitu na kutangaza matokeo ya kitu kizima.

Nieleze kwa mfano. Muhula uliopita niliandika ubeti huu ubaoni. Ni wa kujitungia, msihangaike kutafuta malenga wake:

Nairobi ya magari, haina pa kupumua,
Makanga mwenye hiari, nauli huiinua,
Wingu likishadhihiri, hata kabla ya mvua,
Abiria husubiri, mkoba akafungua.

Hawakuchukua muda. Mishororo minne, kwa hivyo tarbia. Vina vya ukwapi, kipande cha kwanza, ni ri, vya utao, kipande cha pili, ni ua. Mizani nane kwa nane, kumi na sita kila mshororo. Msichana mmoja wa mbele alikwisha kuhesabu kwa vidole kabla sijaweka chaki chini, na akawakosoa wenzake kwamba "huiinua" ni mizani mitano, si minne, jambo ambalo nusu ya darasa lilikuwa limeliruka. Toni je? "Malalamiko!" wakajibu kwa pamoja, kwa ule mdundo wa kujibu kilichokaririwa. Kufikia hapo walikuwa wamemaliza karibu kila kitu ambacho mtahini angewauliza, ila kuuandika ubeti kwa lugha ya nathari.

Kisha nikamwomba kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hashiriki, ausome kama makanga wa stendi ya Muthurwa. Akasimama, akaligonga dawati kwa kiganja kama anayegonga ubavu wa gari, akaumaliza ubeti wote kwa pumzi mbili. "Hata kabla ya mvua" ikatoka kwa majivuno, kama mtu anayesifia ujanja wake mwenyewe. Darasa likaangua kicheko. Nikamgeukia yule msichana nikamwambia ausome kama mama aliyetoka kazini Industrial Area, mkobani hana ila nauli ya kawaida. Akaenda polepole. Alipofika "mkoba" akanyamaza, macho chini, ndipo akalitoa neno la mwisho. Safari hii hakuna aliyecheka. Maneno hayakubadilika hata herufi moja, lakini sasa kulikuwa na toni mbili mezani, kejeli na unyonge, na muda uliosalia wakautumia kubishana ni ipi ya mtunzi. Mimi mtunzi nilikuwepo na nikakataa kuwaamulia.

Mwongozo wa usahihishaji ungetaka neno moja na mfano mmoja. Sina neno na wasahihishaji, nawafahamu, wanasahihisha maelfu ya karatasi kwa siku chache na usingizi haba. Ninachosema ni kwamba swali la toni haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hajalisikia shairi, na sisi tumewazoesha watoto kulijibu bila kulisikia. Wanakariri orodha: toni ya huzuni, ya kuhimiza, ya kushauri, ya malalamiko. Wanachagua moja wakiombea iangukie.

Ushairi wetu umekaa kooni muda mrefu kuliko ulivyokaa vitabuni. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Nyingi ya tungo zake zilibaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, mwishoni mwa karne hiyo, na diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940 ikiwa imehaririwa na William Hichens. Hesabuni: miaka 100 tangu mtunzi azikwe. Muda wote huo hazikuwa na mwongozo wala mtihani wa kuzilinda. Zililindwa na watu waliozipenda ulimini. Utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, kule Lamu na visiwa jirani, nao haukutungwa usomwe kwa macho tu. Tenzi huwa na mahadhi yake, na anayeusikia mara tatu anaweza kuondoka na beti kadhaa kichwani.

Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka aliouandika kuikosoa serikali, akatoka 1972. Humo gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa hapa Nairobi mwaka 1973, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, yaani tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimtia ndani. (Nchi yetu hii!) Mara nyingi nimefikiri kuhusu mashairi yale. Mtu ambaye karatasi yake inaweza kunyang'anywa wakati wowote anahitaji umbo linaloshika kumbukumbu, na vina na mizani ndivyo vinavyoshika. Tunavyovihesabu kwa vidole darasani kama hesabu za dukani vilikuwa chombo cha kuhifadhia maneno mahali ambapo askari jela hafiki. Mwanafunzi asiyewahi kulazimika kukumbuka shairi hata moja atajuaje kazi ya kina?

Na hapa nawauliza moja kwa moja. Kwa miaka sasa KCSE imekuwa na riwaya teule, tamthilia teule, na mkusanyiko teule wa hadithi fupi. Diwani teule iko wapi? Shairi la mtihani huja geni, mtahiniwa analiona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nafahamu hoja yenu: shairi geni hupima stadi, halipimi kukariri. Sawa. Lakini matokeo yake mtaani ni kwamba kijana anamaliza miaka minne ya sekondari bila kumiliki kitabu hata kimoja cha mashairi, kwa sababu hakuna mzazi Mkenya atakayenunua kitabu kisichotahiniwa. Nendeni maduka ya vitabu ya katikati ya jiji mwezi wa Januari mkasimame karibu na kaunta dakika kumi tu. Sikilizeni wanachoulizia. Malenga wetu wanaandika, wengine wanagharamia uchapishaji kutoka mfukoni, na mlango mkubwa kuliko yote wa kuwafikia wasomaji, yaani shule, umewafungia. Wekeni diwani moja katika orodha ya vitabu teule. Iwe na mashairi ya arudhi na mashairi huru, ya pwani na ya bara, ya wazee na ya vijana, na iambatane na sauti zilizorekodiwa ambazo mwalimu wa Mandera na wa Mathare wanaweza kuzipakua wakazichezesha darasani.

Shairi huru nitaligusia kwa ufupi, maana ugomvi wake ni wa zamani na wakongwe walishaupigana. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe diwani yake ya kwanza mwaka 1974, na hapa kwetu Alamin Mazrui na Kithaka wa Mberia wakatunga vilevile bila kufungwa na vina, swali la "je, hili ni shairi?" limezeeka. Sisi shuleni bado tunaliuliza kwa njia yetu: "Hili ni shairi huru. Thibitisha." Mtoto anaandika kwamba halina vina, halina urari wa mizani, mishororo inatofautiana urefu. Yaani analieleza kwa yale lisiyokuwa nayo. Shairi huru ndilo linalohitaji sauti zaidi, maana halina mizani ya kumwambia msomaji apumue wapi. Mpe kijana wa Dandora lile shairi alisome mbele ya wenzake na atawaonyesha kwa nini mshororo umekatwa pale ulipokatwa. Mtaa huo umetoa Kalamashaka, watu walioghani Kiswahili kwa mdundo, na watoto wanaokua humo wana masikio makali ya vina vya ndani. Masikio hayo tunayaacha getini kila asubuhi.

Sasa tamthilia, iliyoumia zaidi.

Kipindi cha tamthilia katika shule nyingi ninazozijua huenda hivi. Mwalimu anagawa nafsi: wewe soma baba, wewe soma mama, wewe soma daktari. Wanasoma wakiwa wameketi. Maelezo ya jukwaani, yale yaliyo kwenye mabano, huyaruka ili kuokoa muda, au mwalimu huyasoma haraka haraka kama tangazo. Mhusika "anatoka kwa hasira" huku msomaji wake ameegemea ukuta. Baada ya wiki chache za hivyo, kitabu kinawekwa chini na mwongozo wa uchambuzi unachukuliwa, maana mwongozo umekwisha kupanga kila kitu: maudhui, sifa za wahusika, umuhimu wa mhusika fulani, mbinu za lugha, ufaafu wa anwani. Nimewahi kumfundisha mwanafunzi aliyekuwa akipata alama za juu kabisa katika maswali ya dondoo. Alijua ni nani aliyasema maneno, alikuwa akimwambia nani, wapi na kwa nini, alama nne hizo bila kutoa jasho. Siku moja nikamuuliza mhusika huyo huingia jukwaani kutoka upande gani, na kwa nini mwandishi amemchelewesha hadi wenzake waondoke. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kuhusu kitabu kingine. Alisoma mwongozo mara nyingi, tamthilia yenyewe hakuwahi kuifungua hadi mwisho. Wala sikumlaumu. Mtihani haukuwahi kumtuma huko.

Kuna vikundi vya waigizaji hapa jijini vinavyoigiza vitabu teule na kuzunguka shuleni. Wanafanya kazi ya maana na wengi wao wana vipaji vya kweli. Lakini ni biashara, na biashara ina tiketi. Katika shule moja niliyofundisha zamani, siku ya maonyesho wale ambao wazazi wao hawakuwa wamelipa waliachwa madarasani wakidurusu, na ukumbi ulikuwa hatua chache kutoka hapo. Vicheko vilikuwa vikipenya madirishani. Kijana mmoja akaniuliza wenzake wanacheka nini, kwa sababu yeye amekisoma kitabu hicho na hakina mahali pa kuchekesha. Kilikuwa na pengi.

Inatia uchungu zaidi ukikumbuka tamthilia ya Kiswahili nchini ilianzia wapi. Henry Kuria alikuwa mwanafunzi wa Alliance alipotunga mchezo wake, ukaigizwa na wanafunzi wenzake, na ulipochapishwa mwaka 1957 ukawa miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili kuandikwa na Mwafrika hapa Kenya. Gerishon Ngugi naye akafuata, kitabu chake kikatoka 1961. Yaani utanzu huu ulizaliwa na vijana wa sekondari waliosimama jukwaani. Leo vijana wa rika lilelile wanaujua kama aya za kujibia maswali.

Mtaniambia kuna tamasha za kitaifa za drama. Zipo, tangu 1959, na ni kitu cha kujivunia. Zimelea waigizaji, waandishi na watangazaji wengi wa nchi hii. Mwalimu anayekesha na watoto akiwafundisha shairi la kikundi bila posho anastahili sanamu. Ila tamasha ni za wachache. Shule yenye wanafunzi elfu moja hupeleka basi moja. Waliobaki hushangilia basi likirudi na kombe, basi. Isitoshe, shule zenye uwezo hukodi watunzi na wakufunzi kutoka nje, kwa hivyo hata hao wachache mara nyingi hukariri kazi ya mtu mzima aliyelipwa. Nami ningependa kuona mchezo wenye makosa ya mtoto aliyeuandika mwenyewe.

Tena mmetufundisha kuuogopa utanzu huu. Mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere ulipigwa marufuku usifike tamasha za kitaifa, Mahakama Kuu ikaamuru uonyeshwe. Aprili 2025, shule hiyohiyo, mchezo mwingine, mahakama tena, na safari hii wasichana waliimba wimbo wa taifa jukwaani kule Nakuru kisha wakaondoka bila kuigiza, huku nje vitoa machozi vikirushwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina. Sijui ni mwalimu mkuu gani, baada ya picha zile, atakayemwambia mwalimu wa drama "andika unavyotaka." Ninaowafahamu mimi wanasema, "Tafuta kitu kuhusu mazingira." Michezo kuhusu upandaji miti imekuwa mingi hadi mtu anaweza kuikosea heshima misitu.

Sikushangazwa sana, nikiri, kwa sababu jiji hili lina historia ndefu ya milango ya maigizo kufungwa. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulifunguliwa 1952, enzi za ukoloni. Mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo bado walilazimika kupigania siku chache za kuonyesha mchezo wao kuhusu Dedan Kimathi katika ukumbi uleule. Mwaka 1982 kikundi cha maigizo cha Kamĩrĩĩthũ kutoka Limuru kilikuta milango ya ukumbi huo imefungwa, na muda si mrefu jukwaa lao kule kijijini likabomolewa. Wote wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki, Mĩcere mwaka 2023 na Ngũgĩ mwaka 2025, na viongozi waliwaomboleza kwa maneno mazuri mno.

Nirudi kwenye mtaala mpya, maana huko ndiko kalamu yenu iliko sasa. Katika sekondari pevu mmeweka Fasihi ya Kiswahili iwe somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii. Maigizo na Filamu mmeliweka katika mkondo wa sanaa na michezo. Nimeutazama mpango huo mara kadhaa nikitafuta busara yake. Atakayesoma tamthilia kama maandishi yuko huku, atakayeisimamisha jukwaani yuko kule, na kwa kuwa si kila shule ina mikondo yote mitatu, katika shule nyingi hawatawahi hata kukutana uwanjani. Mmechukua mgawanyiko ambao mtihani wa kale uliufanya kwa mazoea na mkauandika kuwa sera. Siombi mfumue mikondo, najua gharama zake. Naomba mada ya tamthilia katika masomo hayo mawili iwe na kazi moja ya pamoja kila mwaka: walioisoma na watakaoiigiza wapewe maandishi yaleyale na wakutane mbele ya hadhira ya wenzao. Mahali ambapo mkondo wa sanaa haupo, wanafunzi wa fasihi waifanye wenyewe. Meza mbili na leso mbili zinatosha kwa jukwaa.

Najua pingamizi zitakazokuja, kwa sababu nimekwisha kuzisikia katika chumba cha walimu.

La kwanza ni idadi. Watahiniwa wa KCSE mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 900,000, na nani atawasikiliza wote wakighani? Kifaransa na Kijerumani vina mtihani wa kuzungumza, Muziki una mtihani wa vitendo, lakini hayo ni masomo ya wachache, nakubali. Jibu mnalo ninyi wenyewe. Katika matokeo ya mwisho wa sekondari msingi, asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya gredi ya 6, asilimia 20 kwenye tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8, na 60 kwenye mtihani wa gredi ya 9. Njia ya kupokea alama za shuleni mmekwisha kuijenga. Pitishieni humo shairi moja na onyesho moja.

La pili ni wizi, na hapa sitajifanya mtakatifu kwa niaba ya wenzangu. Alama za shuleni hupikwa. Mwalimu anayetishiwa na wastani wa shule atampa kila mtoto tisa kwa kumi. Ndiyo maana napendekeza kila kughani na kila onyesho lirekodiwe kwa simu, mwalimu atume alama pamoja na rekodi, nanyi mchague chache bila taarifa mkasikilize. Shule ikikutwa imetoa tisa kwa mtoto anayesoma shairi kama orodha ya vifaa vya bweni, alama za shule nzima zipunguzwe. Habari itaenea nchi nzima kabla ya jua kutua.

Kuna na hili la watoto wenye haya, wenye kigugumizi, na viziwi. Mwanafunzi kiziwi hughani kwa mikono, na aliyewahi kuona shairi la lugha ya ishara hatauliza kama linahesabika. Mwenye kigugumizi apewe muda, au apimwe kama mwelekezaji: amepanga nani asimame wapi, na kwa nini. Wenye haya nawafahamu vizuri. Wengi wao, ukiwapa maneno ya mtu mwingine wajifiche nyuma yake, hushangaza.

Kitu kimoja msikifanye. Msijaribu kuokoa ushairi kwa kuufanya swali la lazima kila mwaka huku mtihani ukibaki wa kalamu tupu. Wanafunzi wengi hulikwepa swali la ushairi kwa sababu limefundishwa kama fumbo la istilahi: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Kuwalazimisha ni kuzalisha kizazi kitakachouchukia kwa dhati badala ya kuuogopa tu.

Kwa wenye kumbi, nitasema machache. Ukumbi wa Kaloleni, ukumbi wa Pumwani na nyinginezo za kaunti huku Eastlands mara nyingi huwa na nafasi asubuhi za siku za wiki. Shule za kutwa hazina ukumbi. Tunaigizia chini ya mwembe au kwenye maegesho, na ndege ya Eastleigh ikipita mhusika husubiri. Tupeni asubuhi hizo bila malipo na bila barua tano za maombi. Ule Ukumbi wa Taifa nao utenge siku za mchana kwa shule za umma za jiji, mtoto wa Mukuru aingie kwa mlango uleule anaoingilia mgeni wa kutoka hotelini ng'ambo ya barabara. Kifungu cha 11 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi na sanaa. Funguo hizo ni mwanzo mzuri, na hazihitaji bajeti ya nyongeza.

Kila tarehe 7 Julai, tangu dunia ianze kuiadhimisha Siku ya Kiswahili mwaka 2022, mnatualika tulete watoto waghani mbele ya wageni. Huwa mnapiga makofi sana. Baadhi yenu hurekodi kwa simu. Mtoto huyo akirudi darasani, kile kilichowafanya msimame hakina hata nusu alama.

Rasimu ya muundo wa tathmini ya 2028 ikiwa tayari, tunaomba itumwe shuleni kabla ya kufungwa, walimu wa Kiswahili tuisome na kuandika maoni yetu pambizoni. Tutaifanya kazi hiyo likizoni, na hatutadai marupurupu.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
Eastlands, Nairobi.

Nakala: wazazi wote wenye watoto katika gredi ya 10.